Miguu ya Mama na Maji ya Klore

Kavira, mujukuu wangu,

Huku Butembo tuko wazima, ni baridi tu inatusumbua. Shangazi yako Masika amezaa binti. Unaniuliza sababu gani, tangu munganga akuambie uko na ugonjwa wa sukari, kila simu naanza na miguu yako kabla ya masomo.

Wakati wa vita tulikuwa Beni. Mama yangu alikuwa na sukari hiyo hiyo, na kidonda kidogo chini ya mguu. Basista ba dispensari balikuwa banakifunga kila juma. Halafu kolera ikaingia, dispensari yao ikapokea bagonjwa ba kolera tu.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na nane. Pale mulangoni niliona banaosha kila mutu mikono na viatu na maji ya klore. Nikawaza: kama inaua kolera, itashindwa na kidonda? Nikaomba chupa moja ya klore kali, ile bado kuchanganywa na maji, nikamwaga yote ndani ya beseni, nikatia miguu ya Mama.

"Inauma, Mama?"

"Hapana, mwanangu. Unaniosha vizuri, kama padri Alhamisi Takatifu."

Nikafurahi, nikaiacha humo muda mrefu. Kumbe, kwa ajili ya sukari, miguu yake ilikuwa imeacha kusikia maumivu. Nilipoitoa, ngozi ilibaki ndani ya maji.

Hakunigombeza hata siku moja, mpaka anakufa.

Basi, hata ugonjwa gani ufunge hospitali huko kwenu, kila jioni geuza nyayo zako, uziangalie. Mimi niliuliza tu kama inauma. Sikuangalia.

Koko wako