Sijala, Nimekunywa Maziwa Tu

Karatu, Jumamosi, Julai 2008

Ukungu umegoma kuondoka tangu asubuhi na vidole vyangu vina ganzi, lakini nina furaha hadi najishangaa. Nianze na aibu yangu.

Mpango wetu wa vijana wenye kisukari hapa hospitalini niliutunga mimi, muuguzi wao. Sheria iliyo kwenye jalada la daftari lao ni yangu pia: "Kabla ya kula, choma insulini." Fupi, inakaririka. Nilitaka hata ichapwe kwenye fulana.

Aliyekuwa ananinyima usingizi ni Naserian wa kidato cha pili. Akiwa bwenini, sukari yake iko sawa. Akienda likizo kwao Piyaya, kwa wafugaji wa Kimaasai, anarudi amekonda, sukari iko juu, na daftari limejaa "sijala, sijachoma."

Nilimwona mwongo, nakiri. Nani anashinda bila kula likizo nzima?

Daktari naye alichoka, akasema likizo ya Desemba binti abaki hapa hapa Karatu. Naserian alilia sana. Mama yake amejifungua majuzi, na huyo mdogo wake bado hajambeba vya kutosha.

Leo kwenye kikao cha vijana nikamuuliza tena, kwa ukali kidogo.

"Sista, kweli sijala. Nimekunywa maziwa tu."

"Maziwa kiasi gani?"

"Ya asubuhi, ya mchana, na ya jioni. Kibuyu kikiisha, mama anajaza."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na yeye akacheka. Mimi nilikaa chini. Kwao chakula ni ugali, maziwa ni maziwa; kumbe maziwa nayo yana sukari na yanahitaji insulini. Mtoto wa watu amefuata sheria yangu neno kwa neno, na sheria ndiyo iliyokuwa inamuumiza.

Mwenye kosa ni mimi.

Nilimkimbilia daktari hapo hapo. Amempangia dozi upya, ya maziwa ikiwemo, na Desemba ataenda nyumbani. Naserian alichukua kalamu yangu bila kuomba, akaandika kwenye jalada: "Kabla ya ugali, kabla ya maziwa, choma insulini." Hiyo ndiyo itakayokwenda kwenye fulana.

Jioni jirani yangu, Mama Glory, alipita akaniuliza kama nimekula.

"Bado, dada," nikamjibu. "Tangu asubuhi nimekunywa chai ya maziwa tu."

Kisha nikasikia nilichosema mwenyewe.