Uji wa Tufaha

Al Baraha, Dubai
Machi 2006

Mdogo wangu Tufaha,

Sote hapa twakusalimu sana. Joto bado halijatuanza, na Thamer kanunua gari jipya. Mkewe Ellen, yule Mmarekani, hajambo, na Kiswahili chake kingali kinanichekesha.

Ana kitabu cha mapishi cha bibi mzaa bibi yake, cha Marekani ya zamani. Kinafundisha kuendesha nyumba nzima: kutengeneza sabuni, kuhifadhi nyama bila barafu, hata kumpikia mgonjwa. Kila alasiri hunisomea, kisha huingia jikoni. Jana alinipikia mchuzi mwepesi wa nyama, kama kitabu kilivyoagiza. Nilikunywa vijiko viwili, nikashindwa.

Akakaa kitandani kwangu. "Mama, ulipougua Unguja, nani alikupikia?"

"Mdogo wangu Tufaha," nikamwambia. "Uji wa mchele, kwa tui na hiliki kidogo."

"Basi nitamwandikia, anifundishe."

Nikageukia ukutani asinione nikilia.

Daktari alimwambia Thamer pale mlangoni, akidhani nimelala, kwamba dawa hazinisaidii tena. Mwanangu hajanieleza, nami simuulizi.

Barua ya Ellen itakufikia. Tafadhali usimfundishe. Thamer atakushughulikia viza, inshallah. Njoo unipikie mwenyewe. Hata nikishindwa kula, nataka nikiwa nimelala hapa nikusikie jikoni, ukigombana na sufuria zangu.

Nakungoja,
Dada yako Kawthar