Kufuli la Matawi Matatu

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mtambo mpya umewashwa. Zahanati zote za Daktari Ngala – Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga – sasa ziko kwenye mtandao mmoja, na mwenye funguo ni mimi. Nimekaa hapa Kona ya Musa, kwenye tawi la Ukunda, simuni naona kila kifaa kilichoingia kwenye waifai ya tawi lolote; aliyepewa waifai tawi moja, inamshika na kwingine. Nikitaka kukikata nabonyeza tu. Beryl wa kampuni ya Nairobi amenifundisha kwa simu: "Ni easy, Twaiba, kila kitu iko kwa cloud." Iko! Haya.

Faili za wagonjwa nazo ziko huko huko. Kufungua faili kunataka paswedi, kisha namba inayotumwa kwa simu ya mhudumu. Nimemweleza Bi Mwanatumu wa mapokezi hadi koo limenikauka: namba hiyo hapewi mtu! "Sawa, mwanangu." Paswedi yenyewe ameibandika kwenye kaunta. Nimeibandua.

Jumanne, 4 Novemba

Vifaa hamsini na kitu Ukunda pekee! Na wafanyakazi tuko tisa. Kumbe Bi Mwanatumu amewagawia waifai ya ofisi muuza mahamri, vijana wa boda, na jamaa wote wa waliojifungua, wampigie shangazi wa Oman video.

Shikamoo kwanza, kisha nikauliza. Akanijibu: mtu amekuja, amekusalimu vizuri, ameuliza hali ya nyumbani, umwambie hakuna? Umelelewa wapi wewe? Nimelelewa Waa, Bi, na huko pia milango ina makomeo!

Nimewakata wote. Muuza mahamri kaninunia. Chai kavu.

Jumatano, 5 Novemba

Bi Mwanatumu hasemi nami. Akitaka kitu anamtuma mlinzi, nami niko pale pale. Uzee huu!

Daktari ameniita kando. Kuna mja mzito, Kache. Alimtoroka mumewe, Sanga, aliyemvunja mkono. Amehamishiwa Msambweni kimyakimya. Siku zake za kliniki ziko kwenye faili tu, kwingine hakuna. Kwa ajili ya watu kama yeye, anasema, ndipo akaukubali mtambo huu. Nimeapa faili hiyo haitaguswa.

Alhamisi, 6 Novemba

Afadhali. Bi Mwanatumu kaniletea mahamri mwenyewe. Kachangamka kweli – jana jioni mtani wake alipita, wakatukanana na kucheka mpaka mbavu zikamuuma. Paswedi imerudi kaunta. Nimeibandua tena. Mungu nipe subira.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimefungua mtambo asubuhi. Juzi jioni mtu aliingia kwa jina la Bi Mwanatumu, kwa simu nisiyoijua. Alifungua faili moja tu. Ya Kache.

Nikabonyeza – funga kila kitu, matawi yote.

Kisha nikamvamia Bi Mwanatumu, hata shikamoo nikaisahau. Ndiyo, yule mtani. Alimpokonya simu kwa mchezo, akamwambia unaficha bwana humu, kisha akamrudishia. Eti alitaka kumtazamia dada yake siku ya kliniki, kwa simu yake mwenyewe. "Mtani wangu, Twaiba! Nimnyime, nionekaneje? Paswedi aliiona kaunta, namba ilipoingia kwangu nilimsomea mimi. Na waifai nikampa."

Anaitwa nani? Sanga.

Nilipomwambia Sanga ni nani, aliketi chini sakafuni.

Kliniki ya Kache ni leo! Simu yake huizima, kwa kumwogopa huyo huyo. Napiga Msambweni – kimya. Tena – kimya. Nampigia Beryl. "Simu za branch zinapita kwa network hiyo hiyo, Twaiba. Si umefunga?" Nimefunga, ndiyo! Mimi na kidole changu! Nifungulie! Anasema ameshafungua yeye kutoka Nairobi, ngoja vifaa viwake, subiri kidogo. Subiri! Daktari yuko Lunga Lunga, kule nako simu ni hizo hizo, na yake ya mkononi haishiki.

Bi Mwanatumu kajitupia buibui, kapanda boda, kaenda Msambweni. Hakuniaga. Mimi naandika huku nikiutazama mtambo simuni, tawi baada ya tawi.

Ukunda imewaka. Lunga Lunga bado. Msambweni bado.

Msambweni imewaka! Naona kifaa cha kwanza kimeingia kwenye waifai yao. Si simu ya mezani. Si kompyuta ya nesi.

Ni ile simu ya juzi.