Siku Omena Iliponyeshewa Sori

Mpendwa Min Akoth,

Leo jua limewaka hapa Rodi Kopany tangu asubuhi, na jirani ameanika omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, nje ya ukuta wangu. Harufu yake imenirudisha Sori, nikatafuta kalamu. Huko uliko huhitaji barua, najua. Ninayeihitaji ni mimi.

Unakumbuka tulivyofika pale Sori, ufuoni mwa ziwa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tumefukuzwa kwenye shamba letu kule Bonde la Ufa? Ulikuwa na gauni moja tu, nalo limeungua pindo. Adhiambo, muuza omena ambaye hata hatukumjua, alifungua leso kiunoni mwake akakufunga nayo. "Shemeji, wewe angalia kando," akaniambia, kana kwamba sijawahi kukuona.

Kanisa lilipokupa kufundisha darasa la ubatizo la wanawake, huyo huyo Adhiambo alikuwa karibu kuliacha. Shemasi alikuwa amewafundisha kwamba dhambi iliingia duniani kwa mwanamke, kwa hiyo wakae nyuma na wanyamaze.

"Mama Akoth," alikuambia, "kama makosa ni ya huyo Hawa, mimi naingia maji ya nini? Wacha nirudi kwa omena yangu."

Ukalihamishia darasa ufuoni, omena ikiwa imeanikwa kwenye nyavu kuukuu mbele yenu. Ulikuwa umefika kwenye nyoka na tunda wingu lilipopanda kutoka ziwani. Kila mtu aliliona. Hakuna aliyeinuka kuanua, kila mmoja alimngoja mwenzake. Mvua ikashuka kama iliyomwagwa, ikailowesha omena yote, na wanawake wakaanza kulaumiana.

"Si wewe ndio ulisema haitanyesha?"

"Mimi? Na wewe macho yako yalikuwa wapi?"

Ndipo shemasi akaja mbio, suruali imekunjwa hadi magotini, kwani omena yake pia ilikuwa imelowa yote. "Ni huyu mke wangu!" akafoka. "Ameniambia mbingu ni safi!"

Adhiambo akamtazama, kisha akapiga kelele: "Adamu! Jamani, Adamu amefika!"

Mlicheka mpaka mkashikana mabega. Shemasi alisimama pale akitiririka maji, na mwishowe akacheka pia, akageuza ndoo akaikalia.

Ukawaambia kwa sauti yako ile ya chini: "Tunda lililiwa na wawili. Walipoulizwa, mwanamume akamsonta mwanamke, mwanamke akamsonta nyoka. Dhambi iliingia kwa mdomo, lakini ilipata makao kwenye kidole."

"Na Mungu akawafukuza," akasema Adhiambo.

"Aliwafukuza. Lakini kabla hawajatoka, aliwavika nguo."

Adhiambo akaitazama leso yake ile, uliyokuwa umejifunga siku hiyo. Alibatizwa pamoja na wenzake, na aliyemshika mkono kuingia majini ni shemasi. "Polepole, Adamu," akamwambia, "usiniangushe tena."

Watu hapa bado huniuliza ni nani aliyetuchomea nyumba. Nawajua, nimekunywa maziwa nyumbani mwao. Hukunifundisha kwamba waliouwasha moto ule hawana hatia. Aliyekula alikula. Lakini nimesoma vitabu vingi vya wanateolojia kuhusu asili ya dhambi, na bado sentensi yako ndiyo ninayoiishi. Zamani kidole changu kilielekea kule Bondeni mchana na usiku, na hakikuwahi kushika jembe. Sasa kinapanda mahindi, na mwaka huu yamebeba vizuri. Shamba lile bado nalitamani, hasa mvua za kwanza zinapoamsha harufu ya udongo. Hata hivyo nimeridhika, Min Akoth. Leso ya Adhiambo iko kwenye kiti changu, imefifia rangi, nami huiegemea kila jioni.

Ningeandika zaidi, ila naona wingu likipanda upande wa ziwa, na jirani ameenda sokoni. Acha nitoke nikamwanulie omena yake.

Pumzika, mama watoto.

Mumeo,
Baba Akoth