Yule Panya wa Picha ya Dukani

Mjukuu wangu Nyabise, hujambo huko Dodoma? Sisi hapa Mwisenge wazima, ng'ombe kazaa, goti langu tu ndio kaidi. Shangazi yako ndiye anaandika, mimi naongea.

Umeniuliza kama kushindana ni vibaya, maana rafiki yako Anna kakupita kwenye mtihani na sasa hamsemeshani. Ngoja nikwambie.

Usichana wetu, mimi na rafiki yangu Nyangeta tulikuwaga tunaanika dagaa huku ziwani, tunashindana za nani zitatoka nzuri. Na zilikuwaga safi kweli, mchanga huoni! Siku moja mvua ikaja. Sasa ule wavu wa kuanikia unakunjwa na watu wawili, mmoja huku, mmoja kule. Nikamwita, "Njoo tukunje!" Akasema, "Tuanze na wangu!" Nikamwambia, "Wangu kwanza!" Tukabishana mpaka dagaa zote zikaloa.

Tukazipeleka hivyohivyo kwa mama mmoja Mhindi, mwenye duka mjini. Tulipomweleza tulivyobishana, alicheka huyo! Akatuonyesha picha ukutani, mungu wao mwenye kichwa cha tembo, na chini yake kapanya. Akasema, "Huyu panya ni tamaa, hatulii. Mungu hakumuua, amempanda mgongoni. Ninyi leo panya ndiye kawapanda."

Mimi mtu wa rozari, lakini yule panya sijamsahau.

Basi kushindana na Anna usiache, mama, ila mpigie simu leo. Nyangeta huyu hapa, kaja kunywa uji, anasema tuandike kwamba dagaa zake hazikuloa kama zangu. Mwongo! Anakusalimia sana.

Bibi yako.