Jiko Lililocheza Ngoma Makindu

Mama Ndinda wangu,

Huku Makindu jua ni kali, nami nacheka peke yangu. Mafundi walikuwa tayari kuuza jiko lao jipya. Asubuhi niliwasomea malalamiko niliyoyakusanya kwa akina mama waliolijaribu, wakasinzia. Nikakunja karatasi, nikaanza: “Jiko la miguu mirefu lilifika kwa Mama Mutua. Akisonga ugali, lenyewe linacheza ngoma!”

Fundi mkuu akashtuka. “Halafu?”

“Halafu ugali uko chini, watoto wanalia.”

“Wacha, mzee!” Tayari ameshika msumeno wa chuma, anakata miguu.

Mchana tumesonga ugali juu yake, halikutikisika. Miaka yote hii ugenini, kumbe bado najua kusimulia hadithi kama kwetu! Nakuletea jiko moja. Likicheza, unicheke; likitulia, unisongee ugali wa kushiba.

Mzee wako