Mizunguko ya Baraka

Karakana ya Kusuka Mota,
Nyuma ya kiwanda cha mkate.
Jumatano, asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na ile dawa ya kuchua uliyosema inanuka kuliko maumivu yenyewe, bado unaipaka au umeshaitupa chini ya kitanda? Sisi huku hatujambo. Baba anakula vizuri na anagombana na redio kama kawaida yake. Mimi ni mzima. Mwanao Kiroboto naye ni mzima, ila bega la kushoto bado, na hilo bega ndilo lililonikalisha kitako kuandika wakati kazi zimenijaa mezani.

Naandika kwa sababu kwenye simu huwa unazungumza wewe, mimi nabaki kuitikia. Leo nataka unisikilize mpaka mwisho. Barua hii anakuletea Kiroboto mwenyewe, pamoja na kasha dogo lililofungwa kwa utepe mweusi. Mwache akae, mpe chai, na usianze kumfokea kabla hujamaliza kusoma.

Alikwambia aliteguka akibeba mfuko wa saruji. Si kweli. Amenisihi niandike hivyo hivyo, nikaitikia kwa kichwa, na sasa unaona ninachoandika. Bega aliliumiza ndani ya gari la daktari wa meno, na kilicholipeleka gari hilo mtaroni ni kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu.

Daktari wa meno ni mteja wetu wa siku nyingi. Ana gari la spoti la zamani, jekundu, la viti viwili, chini chini kiasi kwamba ukiingia unahisi umekaa sakafuni. Analipenda kuliko anavyowapenda wagonjwa wake, na wagonjwa wanalijua hilo. Kwenye injini yake kuna solenoidi, ndugu ya zile za starta ulizozizoea, ila hii kazi yake ni petroli. Ni koili ya waya wa shaba iliyosukwa juu ya kibomba chembamba, na ndani ya kibomba kuna kijiti cha chuma kinachopanda na kushuka. Dereva akiondoa mguu kwenye pedali mteremkoni, umeme unakatika, springi inasukuma kijiti chini na petroli inazibwa. Akikanyaga tena, koili inakivuta kijiti juu na injini inapata chakula chake.

Solenoidi ya gari lile iliungua, na waliokuwa wakizitengeneza waliacha zamani. Daktari akaja kwangu na ile iliyoungua imefungwa kwenye leso. Unanijua. Ningeweza kumsukia koili tu nikamaliza, lakini nikajitia kimbelembele: nikamwambia nitabuni seti nzima, koili mpya, kibomba, kijiti, springi, ringi za mpira na nyaya zenye vichwa vyake, ili fundi yeyote mwenye spana aweze kuifunga. Kiroboto akachonga vijiti, mimi nikachora, nikapima, nikaharibu, nikaanza upya. Seti ya kwanza ilipolia tak, tak, tak mezani, tulicheka kama watoto. Tukatengeneza na ya pili, maana daktari alikuwa na rafiki mwenye gari la aina ile ile.

Ile ya kwanza tuliijaribu mezani tangu asubuhi hadi jioni bila kukosea. Siku iliyofuata tukaifunga, na Kiroboto akalitoa gari kwenda kulijaribu barabarani, kwenye ule mteremko mrefu unaoelekea machimbo ya mawe. Alishuka vizuri. Katikati ya mteremko kulikuwa na lori linakokota, akatoka kulipita. Akakanyaga mafuta. Injini ikanyamaza.

Shangazi, mwanao alikuwa upande usio wake, lori ubavuni, na basi linapanda kuja usoni kwake. Anasema alikanyaga tena na tena na hakuna kilichoitika. Dereva wa lori, Mungu ambariki popote alipo, alifunga breki. Kiroboto akakata kona mbele ya pua yake, akaingia mtaroni na kusimama kwenye kichuguu cha udongo. Basi lilipita likipiga honi mfululizo. Mimi nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua, na njia nzima mpaka kule sikumbuki nilipumua vipi. Nilimkuta amekaa kando ya barabara, ameshika bega, ananiuliza kama taa za gari zimevunjika. Nilimtukana kwanza, halafu nikamkumbatia.

Sasa sikiliza hapa. Niliifungua ile solenoidi siku ile ile. Kijiti kilikuwa kinateleza kama kimepakwa sabuni. Koili nzima, springi nzima. Daktari akasema basi ni pampu ya petroli, na mimi nilitamani sana iwe pampu. Nilikuwa nimeshaanza kurudisha vifaa kwenye droo. Lakini moyo ulikataa. Nikabandika sufuria ya mafuta jikoni, nikayapasha mpaka kufikia joto la injini iliyochoka, nikaitumbukiza solenoidi humo. Nilipoitoa kwa koleo na kukisukuma kile kijiti, hakikwenda juu wala chini. Kilipopoa kikateleza tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nikalikata ganda lake la chuma kwa msumeno. Kibomba kilikuwa kimeminywa kiunoni, kidogo tu, lakini kijiti nacho hakihitaji zaidi ya kidogo. Koili ilikuwa imejaa ganda mpaka pomoni. Ilipopata joto ilivimba, nje ikakuta chuma, ikarudi ndani na kukikaba kibomba. Ile iliyoungua ilikuwa na nafasi nyembamba kati ya koili na ganda, nafasi ya unene wa ukucha, nami niliiona nikiwa nachora. Nikaijaza mwenyewe.

Unajua niliijaza kwa nini. Ulinisimamisha kwenye mashine ya kusukia kabla sijafika urefu wa meza, ukanifundisha kwamba koili ya karakana hii haitoki bila mizunguko ya baraka. Hesabu ya mizunguko ya waya ikitimia, unaongeza michache juu yake, kwa ajili ya mteja, asije akasema tumempunja. Babu alifanya hivyo, ukafanya wewe, nimefanya mimi kwenye kila mota ya pampu na kila feni iliyopita hapa, na hakuna aliyewahi kudhurika, kwa sababu mota ina nafasi na upepo. Kidude hiki hakina. Sikufikiri hata kidogo, Shangazi. Mkono uliongeza wenyewe.

Nina hasira. Nimekuwa na hasira nawe usiku na mchana, halafu najirudi, maana wewe hukuniambia nisitazame ninachokifanya. Halafu hasira inarudi tena. Nakuambia wazi kwa sababu ukiniona nimekuwa mkavu kwenye simu utadhani nimekukosea heshima. Nakupenda. Ila nimemwona mwanao kando ya ule mtaro.

Nimesuka koili mpya bila mizunguko ya baraka. Kuacha pale hesabu ilipotimia kulinipa kazi kuliko kusuka kwenyewe. Kidole kilikuwa kinautafuta waya. Nikaipika kwenye mafuta, nikaipoza, nikaipika tena, kijiti kikapanda na kushuka kila mara. Gari likanyooshwa, nikaifunga, nikasema safari hii nashuka mimi. Kiroboto na mkono wake umening'inizwa shingoni akaingia kiti cha pili bila kuniuliza. Nikamwambia, "Toka." Akanijibu, "Nitoke niende wapi? Endesha, bwana."

Tulishuka mteremko ule ule. Kila nikiondoa mguu, kijasho chembamba kinanitoka. Kila nikikanyaga, injini inaitika. Tulirudi juu tukashuka tena mpaka boneti likawa halishikiki, na hata hapo iliitika. Nilipoegesha mbele ya karakana nilisahau kuchomoa ufunguo, akauchomoa yeye.

Ungedhani hapo ningekuandikia kwamba tumepona. Lakini ile seti ya pili haipo hapa. Rafiki wa daktari anaishi huko huko uliko. Ni yule mpiga picha za harusi mwenye studio ya vioo karibu na soko la nguo. Nadhani umepita mlangoni kwake mara nyingi. Alishaifunga, na ina mizunguko ya baraka kama ile ya kwanza.

Nimempigia simu. Daktari naye amempigia. Mimi aliniambia, "Dada, gari linakwenda kama limetoka dukani. Hizo habari za kutishana wapelekee wengine." Huko mjini anaendesha tambarare, anasimama simama kwenye taa, injini haipati joto la kutosha. Nikamuuliza ana safari yoyote ya mlimani. Akasema Jumamosi ana harusi kule juu kwenye ile hoteli ya kilimani, na amemwahidi bibi harusi kumshusha yeye mwenyewe kwa gari lake, wazi bila paa, ili apate picha nzuri njiani. Nikamwomba, nikamsihi, mwishowe nikampandishia sauti. Akakata simu, na tangu hapo hapokei.

Nikifumba macho namwona mtu nisiyemjua na shela yake inapepea, na mbele yao kuna lori linakokota.

Ndani ya kasha kuna seti mpya. Kiroboto anajua kuifunga lakini kwa mkono mmoja hawezi, na wewe mikono yako bado ni mikono. Yeye ataonyesha bega lake, na nimempa kile kibomba kilichominywa akiweke mfukoni. Lakini sidhani vitatosha. Mpiga picha ataona kijana mgonjwa na kipande cha bomba, atasema ni ujanja wa mafundi wanaotaka kulipwa mara mbili.

Kwa hiyo nakuomba jambo ambalo sijawahi kukuomba. Nenda wewe. Najua tangu ustaafu hujakanyaga mlango wa mtu kwa habari ya koili, na najua jina ulilonalo kwa mafundi wa mji huo. Wanakuita Mama Baraka kwa sababu ya mizunguko hiyo hiyo. Ingia studio kwake, mbele ya wateja wake kama wapo, umwambie kwamba baraka ile ni yako, kwamba uliifundisha wewe, na kwamba humo ndani ya gari lake ni kosa. Mimi hataniamini, kwa sababu nina cha kutetea. Wewe atakuamini, kwa kuwa hakuna mama wa umri wako anayetoka kwake na goti bovu kwenda kujiumbua kwa mtu asiyemjua ikiwa jambo lenyewe si la kufa na kupona.

Akikataa hata hivyo, muombe akuonyeshe injini, halafu ukate waya wa solenoidi, gari lisiwake. Nitamlipa.

Baba anakusalimu. Hajui lolote kuhusu mtaro, na ukimwambia itabidi umtulize wewe. Mama Mdogo anakusalimu, na Bibi wa Kona anauliza kama bado unaimba ukipika. Nisalimie wapangaji wako wote, na yule binti anayekusomea barua ukikosa miwani, kama ndiye anayesoma hii, asante mwanangu, sasa mtafutie Shangazi viatu vyake.

Mungu akutangulie, akupe mdomo mwepesi na goti lisilouma, walau kwa leo tu.

Wako akupendaye, nangoja simu yako,

Binti wa kaka yako,
Mkaidi.